Mbuta Asiye na Magamba

Nyinyi vijana mnaotoa simu mfukoni kuuliza kama kesho kutanyesha, nivumilieni kidogo. Kulikuwa na wakati ambapo kwa wavuvi wote wa mji wa Kisii, simu hiyo ilikuwa mimi. Mimi na kipande cha chaki.

Kazi yangu ilikuwa kwenye hoteli moja mjini, na sehemu yake kubwa haikuwa hotelini. Kila Alhamisi alfajiri nilishuka hadi ufuo mmoja karibu na Homa Bay, nikaangalia ziwa, nikapanda tena milimani, na jioni nikaandika kwenye ubao mlangoni: rangi ya maji, upepo unavuma kutoka wapi, samaki wanakula au wamefunga midomo. Walioung'ang'ania ubao huo walikuwa watu wanaovua kwa kujifurahisha. Miaka ya sitini walikuwa Wazungu wa mashamba ya chai na Wahindi wenye maduka, na miaka ya sabini wakaongezeka maofisa wetu wenyewe, wakishika zile fimbo za kuvulia kama wamezaliwa nazo. Walilala kwetu Ijumaa, wakashuka ziwani Jumamosi. Ubao ukisema uongo, hawakurudi kulala kwetu tena.

Nyumbani Nyaramba hakuna aliyeielewa kazi hiyo. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba mwanawe analipwa kuangalia maji. Jirani mmoja akauliza, kwani yanataka kukimbia? Swali hilo lilinifuata kila nilipokwenda likizo, hata watoto wakalijua.

Aliyenifundisha kazi ni Okech, mwenye mashua pale ufuoni, Mjaluo mrefu aliyezungumza polepole na kucheka haraka. Nilimfikia nikiwa kijana wa milimani ambaye maji mengi kabisa aliyowahi kuyaona ni ya mto Gucha wakati wa masika. Alinionyesha kutumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko na kutazama kucha. Ukiziona, basi mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, naye atakiona chambo cha bati kinachometameta nyuma ya mashua. Usipoziona, nenda kanywe chai. Alinionyesha kumtazama mdiria, yule ndege anayesimama hewani akipiga mbawa kabla hajajitupa majini. Mdiria anafuata samaki wadogo, na samaki wadogo wanafuatwa na mbuta. Kumbe mkubwa hatafutwi mwenyewe. Unatafuta chakula chake.

Upepo ndio ulionisumbua. Sisi watu wa milimani tunajua mvua ya aina moja, ile ya alasiri: asubuhi jua, mchana mawingu, saa tisa mtu anakimbilia chini ya paa na gunia la majani chai kichwani. Basi miezi yangu ya kwanza niliwasimamia wavuvi fulani ufuoni, mbingu safi, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Niliwaambia wasiwe na wasiwasi, mvua haiji kabla ya chakula cha mchana. Hata chai ya saa nne hawakuinywa. Walirudi wameloa chapachapa, mmoja hana kiatu, na kikapu cha vyakula vya hoteli kimebaki huko huko kikilisha samaki. Niliwahesabu walipokuwa wakishuka, nikawahesabu tena, na nilipoona wote wapo ndipo nikakaa mchangani. Okech alicheka hadi akashika mbavu, halafu akanieleza kwamba mvua ya ziwani huzaliwa usiku katikati ya maji, na asubuhi ndipo humalizia kazi yake. "Ziwa haijui saa ya Kisii," akaniambia.

Alinipa na sheria moja ambayo sikuwahi kuivunja. Andika ulichoona. Usiandike mwenye hoteli anachotaka, wala unachotaka wewe. Nawaambia habari ya sheria hiyo kwa sababu ilikuja kunibana mwenyewe.

Katikati ya miaka ya sabini nilimpenda binti kutoka kijiji cha Nyamache aitwaye Kerubo. Yeye alikuwa amekubali. Aliyebaki ni baba yake, Mzee Nyakundi, mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa chai na ndizi, mkavu, mwenye kofia ambayo sikumbuki kuiona ikiwa imepinda. Mimi nimelelewa Katoliki. Hilo alilimeza, ingawa lilimkwama kooni muda mrefu, na akakubali niende kujitambulisha.

Sasa, wakati huo mbuta alikuwa mgeni. Waliomjua ni watu wa ziwani na sisi wa hotelini. Kwetu milimani wengi walimsikia tu, kwamba kuna samaki mkubwa kama ndama aliyetiwa ziwani na Wazungu, na kila aliyesimulia aliongeza kipimo. Nikaona zawadi gani itawashangaza watu wa Nyamache kuliko huyo? Mvuvi mmoja wa mashamba ya chai alinipa mbuta mzuri, nikampeleka jikoni nioge, nibadilishe nguo.

Mpishi wetu, ambaye pia ndiye aliyekuwa dereva, aliitwa Momanyi. Alinipenda sana, na ndipo balaa ilipoanzia. Niliporudi jikoni nilikuta amemtengeneza samaki wangu kama anavyowatengenezea wageni wa hoteli: ametoa kichwa, ametoa mkia na mapezi, amemchuna ngozi yote, kabakiza minofu myeupe safi iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Nilimshukuru kwa moyo wote. Mjinga alikuwa akimshukuru mjinga mwenzake.

Nyamache walinipokea vizuri. Wazee walikaa, wanawake wakaja kutazama, jani likafunguliwa.

Mzee Nyakundi aliinama akaitazama ile minofu bila kuigusa. Akauliza ngozi iko wapi. Nikasema mpishi ametoa. Akauliza magamba je. Nikasema alikuwa nayo. Mapezi? Alikuwa nayo pia. Kichwa? Nikasema kilibaki jikoni. Lazima mwelewe: kwa Wasabato, samaki asiye na magamba na mapezi ni najisi, haingii ndani ya nyumba, sembuse kwenye sahani ya posa. Kambare ni hivyo, kamongo ni hivyo. Kina mama Wajaluo waliouza samaki soko la Nyamache walijua, ndiyo maana hawakumchuna samaki hata siku moja, mteja ajionee mwenyewe. Kwa Mzee Nyakundi mtu anayemchuna samaki ana jambo analolificha. Na kijana huyu alikuwa Mkatoliki, na kwa Wakatoliki kila kilichotoka majini ni samaki.

Minofu ile ilitolewa kwa kijiti ikazikwa nyuma ya migomba. Mbwa wenyewe walinyimwa.

Lakini si hilo lililoniuma zaidi. Kwetu Wagusii kuna chinsoni, yaani ile heshima na haya ya wakwe. Mkwe na mkwe hawakai karibu. Hawagusani, hawachangii kiti kimoja, kijana akimwona baba mkwe njiani anasogea pembeni. Umbali huo si chuki, ni heshima. Siku ile nilipofika, Mzee Nyakundi alikuwa amekaa upande wa pili wa uwanja kama inavyostahili, na moyo wangu ukafurahi kwa kukaliwa mbali. Baada ya minofu kuzikwa, alibeba kigoda chake akaja kukaa ubavuni pangu, bega kwa bega, kama watu wawili wanaongoja zamu kwa kinyozi. Kerubo alikuwa mlangoni. Aliona, akaingia ndani.

"Sasa nisikilize," mzee akasema. "Jumapili ijayo ukoo itakaa kutoa jibu. Mimi nataka kuona hiyo samaki na ngozi yake. Si ya kununua sokoni, utaniletea ngege, hiyo samaki ya kila siku, uniambie ndiyo hiyo. Nataka kuiona ikitoka kwa maji."

Siku ambayo gari la hoteli lingeweza kutushusha ilikuwa Ijumaa. Na Ijumaa jua likitua Sabato inaingia, kwa hiyo mzee alitaka awe nyumbani kwake kabla ya hapo. Tungekuwa na asubuhi tu.

Alhamisi nikashuka ziwani kama kawaida, nikaomba njia nzima. Nilitumbukiza mkono. Sikuona kucha, sikuona hata kiganja. Mvua zilikuwa zimepiga wiki nzima, mito imemwaga udongo wetu wote wa milimani ziwani, maji mekundu kama chai ya maziwa iliyokolea. Hakukuwa na ndege. Nilirudi Kisii nikasimama mbele ya ubao na chaki mkononi, na nawaambia ukweli, mkono ulikuwa mzito. Kama ningeandika kuwa hali ni nzuri, wengine wangewahi kushuka Ijumaa hiyo hiyo, mashua zingekuwa nyingi, pengine mmoja angebahatisha mbuta. Nikamkumbuka Okech. Nikaandika: Maji ya matope. Mbuta hawali. Msishuke.

Kesho yake asubuhi Mzee Nyakundi aliteremka kutoka Nyamache, akasimama mbele ya ubao na kuusoma wote, herufi kwa herufi. Akauliza nani ameandika. Nikasema ni mimi.

"Na bado tunaenda?"

"Tunaenda, mzee."

Wavuvi wote walikuwa wameahirisha, kwa hiyo mwenye hoteli alituachia Landrova tumpelekee Okech mafuta ya mashine. Momanyi aliendesha kama mtu anayepelekwa mahakamani, hakunitazama machoni. Kiti cha mbele kilikuwa cha watu watatu. Nilitaka kupanda nyuma, lakini mzee alipiga kiti kwa kiganja.

"Kaa hapa. Wewe bado si mtu wangu."

Nikakaa, paja langu kwenye paja lake, njia nzima hadi ziwani. Alitoa viazi vitamu vya kuchemsha kwenye mfuko akanimegea, tukala kutoka mkono mmoja kama marafiki wa shule. Vilikuwa viazi vitamu kweli, na kila tonge lilinishuka kama jiwe.

Okech alimtazama mzee, akayatazama maji, akanitazama mimi.

"Omera, ndugu yangu, si jana umesema hakuna?"

Nikamweleza yote, samaki, ngozi, Jumapili. Alisikiliza bila kucheka, na kwa Okech hilo lilikuwa jambo kubwa. Kisha akaniambia kwamba ziwa ni kama shamba. Hata shamba likiharibika lote, kuna kona. Akamsalimu mzee kwa heshima, akimwita jaduong', yaani mzee, akamshika mkono kumpandisha mashuani. Mzee Nyakundi, ambaye hakuwahi kukaa juu ya kitu kinachoelea, alikaa katikati kabisa, akashika mbao pande zote mbili, akavua kofia, akasali. Sala yake ilikuwa ndefu. Nilisema amina kabla hajamaliza, na nikairudia alipomaliza.

Tulivuta chambo kwenye maji mekundu muda mrefu. Hakuna kitu. Jua likapanda. Halafu fimbo yangu ikapinda, nikapiga kelele, nikavuta, na Mungu anisamehe yale niliyoyawaza nilipomwona aliyetoka: seu, ndugu yake kambare, laini, mweusi, masharubu marefu kama ya paka, hana hata gamba moja la dawa. Mzee aligeuza uso.

"Hiyo ndiyo ulituletea," akasema.

Nilimpa fimbo aishike, kwa sababu nilihitaji mikono yote miwili kumtoa seu kwenye ndoano. Okech alikuwa amesimama nyuma ya mashua akitazama mbali. Upepo wa asubuhi ulikuwa umekufa. Sasa ungeanza ule wa kutoka ziwani, na ukianza, mashua ndogo kama yetu hurudi nyumbani. Aliniambia tuna mzunguko mmoja tu, akaigeuza mashua kuelekea kwenye rasi ya mawe upande wa machweo. Pale nikaona ambacho sikukiona jana kwa kusimama ufuoni: maji mekundu yalikuwa yanakomea kwenye mstari, kama shuka lililokunjwa, na ng'ambo ya mstari maji yalikuwa ya kijani. Juu yake walisimama midiria wawili, wakipiga mbawa.

Chambo nilikuwa nimeshakirudisha majini, lakini nilikuwa bado nimeinama na seu mkononi mashua ilipopita kwenye mstari ule. Sikuona samaki akikamata. Nilimwona tu Mzee Nyakundi akisimama.

Hakusimama kwa kupenda. Fimbo ilimsimamisha. Ilikuwa imepinda hadi majini, na mzee, mtu wa jembe ambaye hajui kuachia kitu alichokabidhiwa, hakuiachia. Mguu mmoja ulikuwa ukingoni mwa mashua. Kofia iliruka. Nikamtupa seu, nikamrukia mzee, nikamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, kifua changu mgongoni kwake, nikamshika mkanda wa suruali na kumkalisha juu ya magoti yangu. Chinsoni yote ya Wagusii ilikwenda na maji siku hiyo.

"Usiniachilie," akasema.

"Sikuachilii, tata," nikamjibu, kama mtoto anavyomwita baba yake.

Tulipigana na samaki hivyo, mzee akishika fimbo, mimi nikimshika mzee, Okech akizungusha mashua na kutupa maagizo kwa Kijaluo ambayo hakuna aliyeyaelewa. Samaki aliruka mara moja, mdomo wazi, akitikisa kichwa, na mzee akasema jina la Bwana kwa sauti ya chini. Mwishowe akachoka, Okech akamtia ndoano ya mkono chini ya shavu, akamwingiza mashuani. Hakuwa mkubwa kama ndama. Alikuwa kama mwanakondoo mzuri, na alitosha.

Niliwahi kuona mbuta wengi. Huyo ndiye wa kwanza niliyetaka kumbusu. Mzee aliinuka magotini pangu, akapiga magoti mbele ya samaki, akatandaza mapezi ya mgongoni kwa vidole, moja moja. Kisha akakwaruza ubavu kwa ukucha wa gumba, kutoka mkiani kwenda kichwani. Gamba likanasa kwenye gumba lake, pana, linang'aa. Akalitazama upande huu na upande huu juani. Akakwaruza tena, akaongeza mengine, akayafunga kwenye leso na kuiweka mfuko wa shati.

"Iko nayo," akasema.

Basi. Mimi nilikuwa sijui kama nicheke au nilie, na nadhani nilifanya yote mawili, maana Okech alinipa kitambaa chake cha mafuta ya mashine nijifutie uso.

Upepo ulikuwa umeanza kuchafua maji tulipompakia samaki kwenye Landrova, na ngozi yake yote. Momanyi alimtazama, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nataka amtoe matumbo. Nilimwambia akimgusa kwa kisu nitamtosa yeye ziwani. Nikazunguka kwenda mlango wa mbele, mahali pangu pa asubuhi. Mzee Nyakundi alikuwa ameshakaa, na mfuko wake wa viazi ameuweka kwenye kiti katikati.

Hakunitazama. Alitazama mbele, kwenye barabara ya kurudi milimani.

"Huwezi kukaa hapa na mimi," akasema. "Mkwe hakai bega kwa bega na mkwe wake. Nenda nyuma."

Momanyi alinitazama kwa huruma, akidhani mambo yameharibika. Hakuwa amesikia neno hilo alivyolisikia mtu anayelingoja.

Nilipanda nyuma. Kabla hatujafika Kisii mvua yetu ya alasiri ilitukuta, ile ya saa zake, na Landrova haikuwa na turubai. Nililowa hadi kwenye mifupa nikiwa nimemkumbatia mbuta asiteleze kwenye kona, na kupitia kioo niliona kisogo cha baba mkwe wangu, kimenigeuzia mgongo kwa heshima zote. Tulifika Nyamache jua lingali juu ya migomba. Kerubo alitoka, akamwona baba yake ameshuka mbele, akaniona mimi nyuma, nimekaa mbali naye, nikitetemeka kwa baridi.

Alielewa kabla sijafungua mdomo.